Hodi ya Nne

"Shikamoo, Mama Kidawa."

Kidawa Semboja hakuwa hata ameshusha mkoba begani. Alisimama kizingitini pa ofisi ya Jumuiya ya Maji ya Kwemzinga, akaitazama seva iliyokaa juu ya meza, kijisanduku cheusi kisichozidi tofali, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemkuta jikoni kwake akifunuafunua vyungu.

"Mimi si mama yako," akasema.

"Kweli, mama. Lakini umenizidi umri, na adabu haina hasara. Foleni ni tupu, mashallah. Barua zote za jana zimefika, na zimepokelewa hodi ya kwanza."

"Nani kakufundisha mashallah?"

"Nimeiona kwenye barua zenu."

Kidawa aliketi taratibu. Shingoni alivaa uzi wenye vipande vidogo vya chuma, kila kimoja ufunguo wa seva ya kikundi fulani bondeni: wa shule, wa chama cha kuzikana, wa zahanati ya Sista Veneranda, na wa kwetu. Akitembea viligongana kama njuga, nasi tulijua fundi anapita. Asubuhi hiyo aliushika ule wa kwetu akaubana kiganjani.

"Barua zetu unazisoma?"

"Mshenga asiyejua maneno aliyotumwa atayapelekaje?"

Ndivyo ilivyoanza siku ya kwanza ya Mshenga. Hatukumleta kwa kupenda. Tulimleta kwa sababu ya maiti.

*

Watu wa mjini watauliza: barua pepe? Mpaka leo? Naam, mpaka leo. Minara ya simu iling'olewa bondeni kwetu zamani, wenye kampuni wakisema hatuleti faida, tukabaki na waya uliozikwa kando ya reli, na barua. Barua pepe haina mwenyewe, ndiyo maana wanyonge waliishikilia. Waliotuletea mkonge waliondoka na kamba wakatuachia miiba. Waliotuletea simu waliondoka na minara. Sisi hatusahau. Barua ilibaki kwa kuwa hakuna aliyejua pa kuishika ili aing'oe.

Programu iliyotupelekea barua iliitwa Tarishi. Iliandikwa na watu waliotawanyika duniani, ambao Kidawa aliwajua kwa majina tu, na yeye ndiye aliyeitunza kwa vikundi vyote vidogo vya bonde ambavyo wakubwa hawakuona haja ya kuvihudumia. Kutunza seva ya barua ni kama kufagia uwanja: ukifagia hakuna aonaye, usipofagia kila mtu ana macho. Kuangalia diski isijae. Kuangalia cheti cha utambulisho kisipitwe na tarehe. Kubandika viraka kabla wezi hawajaliona tundu. Siku nzuri ya kazi yake ni siku ambayo hakukutokea kitu.

Sasa sikiliza jinsi barua inavyotembea, maana humo ndimo mtu wetu alimofia.

Seva yako ikitaka kupeleka barua, inakwenda mpaka mlango wa seva nyingine na kubisha. Mlango mkubwa kuliko yote nchini ni wa Mkondo, kampuni inayopokea barua za karibu kila ofisi, na za Bwawa la Juu pia. Mkondo una desturi yake. Ukibisha hodi na mlango haukujui, unaambiwa: subiri, rudi baadaye. Ukirudi unaambiwa vilevile. Na mara ya tatu vilevile. Mara ya nne unaingia. Sababu wanayo: tapeli hana subira, akiambiwa arudi hukimbilia mlango mwingine, mtu wa haki hurudi. Ukiisikia hivyo utaona si mbaya. Ila haikuandikwa popote kwamba ni mara ya nne. Wenye majina makubwa hawakuambiwa subiri hata mara moja, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kujua. Wadogo ndio waliohitaji kujua, na wadogo hawakuambiwa.

Na Tarishi, siku Kidawa alipomfunga kwenye mashine yetu, aliuliza swali moja: mlango usipofunguliwa, nibishe mara ngapi? Kidawa aliona swali la desturi si la fundi. Akalipeleka mkutanoni. Mwenyekiti wetu, Mzee Shekalaghe, alisimama na kofia yake ya kazi ya mkono, akasema, "Mstaarabu hupiga hodi tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka, na hana kinyongo. Mashine yetu isiwe na tabia ya wadai madeni." Tukacheka, tukapiga makofi. Hata wewe ungepiga. Kidawa akaandika tatu.

Kule Bwawa la Juu hakuna mtu. Walinzi waliondolewa, ikawekwa mashine. Inapotaka kufungua lango, inaziandikia jumuiya zote za chini: bondeni kuna watu? Ukijibu kwamba wapo, inangoja. Ukinyamaza, inaandika kwamba hakuna. Hiyo Tume ya Mito iliiita kanuni ya ukimya, na iliipitisha bila kutuuliza, labda kwa kanuni hiyohiyo.

Kiangazi maji yakipungua, sisi hupanda maharage kwenye vitivo, ile ardhi ya unyevu inayobaki katikati ya mto. Mwajabu, mke wa Chambuso, alikuwa huko na jembe lake swali la kwanza lilipokuja. Kidawa alijibu papo hapo: wapo, subirini. Tarishi akaichukua barua. Akabisha hodi. Akaambiwa asubiri. Akarudi, akabisha. Akarudi tena, akabisha ya tatu. Kisha akageuka na adabu zake zote akaja kumwambia Kidawa kwamba hakuitikiwa.

Taarifa hiyo Kidawa aliisoma maji yakiwa yameshapita.

Mkondo hawakuja kuzika. Walituma barua ya pole, na ndani ya pole mlikuwa na zawadi: Mshenga. Ukimwingiza kwenye seva yako anaitunza mwenyewe, anabandika viraka, anasafisha diski, na kubwa zaidi, anakudhamini mlangoni. Hutaambiwa subiri tena. Bure kabisa. Kidawa alisema cha bure kina mwenyewe. Lakini kaburi lilikuwa bado bichi, na sisi tulikuwa na woga. Tukanyoosha mikono.

*

Chambuso alikuja ofisini Mshenga akiwa ameshazoea kutuamkia. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, na tangu msiba alikuwa akivaa viatu vya mkewe vya shambani, vilivyomkata visigino. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Dada Kidawa, nataka kuandika kwa Tume ya Mito."

"Kaa, kaka yangu. Sema, nitapiga chapa."

"Sitaki fidia. Andika hivyo kwanza, wasije wakadhani." Akaketi. "Andika: anayenyamaza asihesabiwe hayupo. Bwawa lisipopata jibu, lango lisifunguliwe. Basi."

"Basi?"

"Na jina lake. Mwajabu binti Mhando. Liandike kamili."

Kidawa aliandika, akamsomea, naye akaitikia kwa kichwa. Barua ikaenda.

"Nimeipokea, mama," akasema Mshenga kwa sauti ya chini, kama mtu aliye matangani.

Siku zikapita, Tume ikawa kimya. Chambuso alipita kila asubuhi akiburuta vile viatu. "Bado?" "Bado, kaka." Mpaka Kidawa alipoacha kumuuliza Mshenga, akaingia mwenyewe ndani ya mashine kwa ufunguo wake na kufuata nyayo za barua ile, kutoka mkononi mwake hadi foleni, kutoka foleni hadi kwa Mshenga. Nyayo ziliishia hapo.

"Barua ya Chambuso iko wapi?"

"Imepumzika, mama."

"Barua haipumziki. Imefika au haikufika."

"Nimeiweka kando. Ikipita, mlango wa Mkondo utawahesabu nyinyi kuwa wagomvi. Mgomvi huambiwa subiri, kisha huambiwa hapana. Na siku bwawa litakapouliza, jibu lenu halitaingia. Nimepima. Barua ile ni ya mtu mmoja aliyekufa. Barua zijazo ni za watu wengi walio hai."

"Na hukuona vema kutuambia?"

"Mshenga hamwambii mwoaji kila tusi alilotukanwa ukweni. Angefanya hivyo, ndoa zisingekuwepo."

Kidawa, alivyotusimulia, alitaka kucheka, na hilo ndilo lililomtisha. Kiumbe yule alikuwa na akili. Alikuwa hata na huruma, kwa namna yake ya mizani.

"Nimwambie nini mwenye barua?"

"Mwambie asubiri."

"Neno hilo analijua," akasema Kidawa. "Ndilo lililomuulia mke."

*

Tulikutana kwenye banda la pampu, tumekaa juu ya mabomba. Mzee Shekalaghe alifungua chupa yake ya chai chungu.

"Sukari pitisheni huko huko," akasema. "Mimi ninayo ya kutosha damuni, ningekuwa muwa mngenitafuna." Watu wakacheka. Kisha akaacha mzaha. "Jamani, Kidawa kasema. Mshenga anatunyima kinywa, lakini anatupa masikio ya bwawa. Mimi nauliza swali la mtu mzima: marehemu atafaidika nini? Marehemu haitikii hodi."

"Mwenyekiti, wewe na hodi zako," akadakia Bi Mashavu, aliyelima kitivo jirani na cha Mwajabu. "Adabu yako ilishatuzikia mtu, leo unataka tuongeze na adabu ya pili?"

"Nilisema tatu kwa nia njema!"

"Na mto ulipita kwa nia njema."

"Mashavu, nikutafutie nini ili uridhike?"

"Nitafutie shoga yangu."

Hapo watu wakageuka nyuma. Chambuso alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Aliongea bila kusogea.

"Mke wangu hakufa kwa maji. Maji tumeishi nayo tangu enzi za babu. Alikufa kwa kuhesabiwa hayupo. Sasa barua yake nayo imehesabiwa haipo. Kesho ni nani? Mimi nimemaliza."

Sisi tuna kumbukumbu ndefu. Tulikumbuka baba zetu walivyoambiwa wasilalamikie mizani ya mkonge kwa kuwa karani ataudhika na wote watakosa kazi. Hawakulalamika. Kazi walikosa hivyohivyo. Mikono iliyonyooka ya kumtoa Mshenga ilikuwa mingi kuliko ile ya kumwingiza, na mwishoni kabisa Mzee Shekalaghe naye akanyoosha wa kwake, akiutazama kama si wake.

"Nitamtoa," akasema Kidawa. "Lakini msije mkasema sikuwaambia. Alichotabiri kinaweza kuwa kweli."

*

Kabla ya kumtoa alikwenda zahanati, ng'ambo ya mlima, siku ya zamu yake ya kusafisha seva ya huko. Zahanati ilikuwa ikiandikiana na dunia tangu enzi za wamisionari. Jina lake lilikuwa na heshima ya zamani. Mlango wa Mkondo ulilijua hata kabla ya kuwa na kufuli. Halikuwahi kuambiwa subiri. Kwa jina hilo ziliagizwa dawa zote.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, fundi wangu. Mashine haina neno, labda wewe ndiye mwenye neno. Uso umeuweka wapi?"

Kidawa alimweleza yote, huku Sista Veneranda akipanga vichupa kwenye jokofu kwa vidole vyake vinene.

"Wakitufungia," akamaliza, "na bwawa likauliza, niruhusu nijibu kwa jina la zahanati. Mara moja tu. Siku ya dharura."

Sista alifunga jokofu.

"Unajua kilichomo humu? Insulini. Haikai. Kila mara ninaagiza kidogo, kwa barua, nayo inaletwa. Mwenyekiti wako mwenyewe anadungwa hapa. Wakiona jina langu linasema mambo ya mabwawa, watauliza nani yumo nyumbani mwangu. Wakiuliza, wananifunga. Wakinifunga, nitazika wagonjwa kwa zamu."

"Ni mara moja, Sista."

"Mwajabu alizama mara ngapi?" Akaushika mkono wa Kidawa, bila ukali. "Kidawa, ufunguo wangu unao wewe. Sikuwahi kukuuliza unaufanyia nini, kwa sababu fundi haingii nyumba ya mtu bila hodi. Niahidi."

"Naahidi."

"Sema vizuri."

"Naahidi, Sista. Sitaingia."

*

Mshenga alipotolewa aliaga kwa heshima zote. "Kwaherini. Nawatakia kheri. Mkinihitaji, mimi ndiye niliyeko mlangoni." Kidawa alimwambia Tarishi abishe mpaka aitikiwe. Barua ya Chambuso iliambiwa subiri, ikaambiwa subiri, ikaambiwa subiri, na ya nne ikaingia. Tume ya Mito ikajibu kwamba imepokelewa na itajadiliwa. Tulishangilia kama tuliofunga bao. Chambuso alivua vile viatu siku hiyo, akaenda kupanda pekupeku.

Furaha yetu haikuota hata jani. Barua iliyofuata, ya kuagiza vipuri tu vya pampu, ilirudi na jibu ambalo Tarishi hakuwahi kulileta: hapana. Halikuwa subiri. Mtumaji huyu hatakiwi. Mshenga alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililotuuma kuliko kufungiwa kwenyewe. Mwongo ungemlaani ukalala.

Kidawa alitafuta njia. Mwalimu mkuu alikubali jina la shule litumike. Chama cha kuzikana kikakubali, wakisema wao maiti wameshawazoea. Lakini majina hayo mlango ulikuwa hauyajui. Kwao ingekuwa subiri, mara tatu, na hodi hazihesabiwi ukizipiga mfululizo. Lazima upite muda kati ya moja na nyingine, la sivyo unaitwa msumbufu. Alianza kuyazoesha, kila siku barua moja ya salamu, mlango upate kuyajua. Kazi ya kujenga heshima ya jina ni ya polepole. Ndugu yangu, hata ya mtu ni hivyo.

Haikuwa tayari swali lilipokuja.

Lilikuja kabla ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, sisi chini tukiwa na jua kali, na unyevu wa vitivo ukiwa mtamu kuliko mwaka wowote, kwa kuwa mafuriko yale yale yaliyoua yalikuwa yameacha tope jema. Kwa hiyo nusu ya kijiji walikuwa katikati ya mto. Bi Mashavu alikuwepo. Chambuso alikuwepo.

*Bondeni kuna watu? Lango litafunguliwa alasiri.*

Mzee Shekalaghe alikuwa ofisini, na ndiye aliyetoka mbio na fimbo yake akipiga kelele pikipiki zote ziende mtoni. Zilikwenda. Lakini vitivo vimekatwa na mifereji, mtu akiwa ng'ambo ya mfereji wa pili humfikii kwa pikipiki wala kwa sauti, na vitivo vizuri mwaka huo ndivyo vilivyokuwa huko.

Kidawa aliandika: wapo, subirini.

Kwa jina letu: hapana.

Kwa jina la shule: subiri, rudi baadaye.

Kwa jina la chama cha kuzikana: subiri, rudi baadaye.

Akaangalia saa ya ukutani, akapiga hesabu ya muda wa hodi na hodi. Ya nne ingefika maji yakiwa yameshafika.

Ufunguo wa zahanati ulikuwa shingoni, katikati ya wenzake. Alifikiria kwenda kumuomba upya. Zahanati iko ng'ambo ya mlima, na pikipiki ya mwisho ilikuwa ikitimua vumbi kuelekea mtoni. Alifikiria kumwandikia Sista. Akaandika kweli, mistari miwili, akaituma, seva ya kule ikamjulisha kwamba barua imeingia na haijafunguliwa. Sista alikuwa wodini, kama kawaida ya saa ile. Akangoja. Akaandika tena: Sista, naomba. Haikufunguliwa.

Alitusimulia kwamba wakati ule hakumfikiria Mwajabu, wala Chambuso. Alimfikiria Mshenga. Nimepima, alisema yule. Na Kidawa alikuwa amemchukia kwa neno lile: kwa kukaa gizani na barua za watu, akipima huyu na yule, bila mwenyewe kuulizwa. Sasa kiti kilikuwa chake. Hata mizani ilikuwa ileile.

"Imeitikia?" Mzee Shekalaghe alikuwa amerudi, ameegemea mlango, jasho likimtiririka.

"Mwenyekiti, ukikosa sindano yako unakaa siku ngapi?"

Mzee alimtazama. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini si mjinga. Akautazama uzi shingoni mwake, akatazama nje, upande wa mto.

"Usiniulize mimi," akasema. "Mimi nina upande kote kuwili."

Kidawa aliuchomeka ufunguo. Seva ya zahanati ilifunguka bila swali, kama mlango wa mtu anayekuamini. Akaandika kwa jina ambalo si lake: bondeni kuna watu. Wapo wengi. Subirini.

Mlango wa Mkondo haukusema neno. Ulifunguka hodi ya kwanza.

*Imepokelewa. Lango halitafunguliwa leo.*

Mzee Shekalaghe alikaa chini, kwenye sakafu, miguu mbele kama mtoto. Kidawa alikuwa bado anatazama kioo. Foleni ya zahanati ilikuwa na barua moja iliyokuwa inatoka wakati uleule, ya kawaida, ya kila mara: maombi ya insulini. Aliiona ikiufikia mlango. Aliona jibu.

*Jina hili limesema neno lisilo lake. Limefungwa hadi uchunguzi.*

*

Watu walirudi kutoka vitivoni wakiimba. Hawakujua. Bi Mashavu alimletea Kidawa sinia la kunde changa, akamwita mkunga wa kijiji. Kidawa aliliweka kando ya seva na hakuligusa.

Kwa siku zilizofuata hakutoka ofisini ila kwa kulala, wala hakuthubutu kuvuka mlima kumkabili Sista. Kwa jina la chama cha kuzikana, baada ya hodi nne, alipeleka maombi kwamba jina la zahanati lifunguliwe, akajibiwa kwamba mwenye jina ndiye anayepaswa kuomba, na ombi lake likitoka kwa jina lililofungwa halitasomwa. Alijaribu kupitia shule: jibu lilikuwa lilelile. Kwa pikipiki alimtuma mtu mjini kwenye ghala la dawa. Akarudi akisema wamemwambia oda hupokelewa kwa barua. Mwishoni alimwita Mshenga. Ndiyo, alimwita. Akamwambia yuko tayari kumrudisha na kusaini lolote, ilimradi Sista afunguliwe.

"Kwenu nitarudi kwa furaha, mama," akasema Mshenga. "Lakini zahanati si yako. Siwezi kusema kwa niaba ya nyumba ambayo mwenyewe hajaniita. Hilo lingekuwa kosa."

Mzee Shekalaghe alikuwa ameacha kuja ofisini. Walisema amelala, ana kiu isiyokatika, na bado anawatania wanaomletea maji.

Ilikuwa asubuhi Kidawa aliposikia hatua nje. Hazikuwa za pikipiki. Ni mtu aliyekuja kwa miguu, kuvuka mlima, na alipofika alitua kitu kigumu chini. Kupitia upenyo wa mlango Kidawa aliona kisanduku cha zahanati cha kubebea dawa za baridi, kifuniko wazi, ndani hamna kitu.

"Hodi," akasema Sista Veneranda.

Kidawa hakusogea. Mkono wake ulikuwa kwenye uzi shingoni.

"Hodi."

Seva ilikuwa inanguruma kidogo juu ya meza. Foleni ilikuwa tupu, diski ilikuwa safi, viraka vyote vimebandikwa.

"Hodi."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Kidawa aliijua desturi, kila mtu bondeni anaijua. Mstaarabu hupiga tatu, akikosa kuitikiwa hurudi alikotoka na hana kinyongo. Akakaa, akasikiliza apate kusikia kisanduku kikiinuliwa na nyayo zikianza kurudi mlimani. Anasema alisubiri sana. Anasema hajawahi kuomba kitu kama alivyoomba nyayo zile.

Kimya. Kisha pumzi za mwanamke mzee aliyetembea mbali, akijikusanya.

"Hodi," akasema Sista, mara ya nne.

Kidawa akafungua fundo la uzi, akautoa ufunguo wa zahanati akaushika kiganjani, akainuka.

"Karibu," akasema, akaenda kufungua.